Usiku Usioandikwa Hauna Fungu

(Mhadhara uliotolewa Moshi mbele ya madaktari na wauguzi wa idara za dharura)

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wauguzi, na ninyi mliotoka zamu ya usiku asubuhi hii mkaja hapa moja kwa moja: poleni na kazi. Atakayesinzia sitamwamsha. Mimi mwenyewe nimesinzia kwenye mihadhara ya watu wakubwa kuliko mimi.

Nimepewa mada ndefu: kukuza uongozi na uchechemuzi kwa madaktari wa dharura. Hilo neno la pili nimelikuta kwenye semina, na kila nikilisikia nakumbuka posho na chupa ya maji. Tunalo neno la zamani zaidi: kumsemea mtu. Mshenga anamsemea muoaji. Mtoto aliyetumwa kwa jirani anamsemea bibi yake. Leo tuzungumzie kumsemea mgonjwa ambaye alipofika mlangoni kwetu hakuweza kusema.

Nianze na spana.

Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa hospitali moja ya wilaya, sitaitaja. Saa nane usiku vijana wawili wa bodaboda wakamleta mwenzao kwenye bajaji, kichwa wamekilaza mapajani. Kofia ngumu ilikuwa imebaki kwenye usukani wa pikipiki huko alikoanguka, ilikoning'inia muda wote wa safari. Anakoroma ule mkoromo tunaoujua sisi. Tukamnyanyua taya, tukamfyonza damu mdomoni, kipimo cha kidoleni kikasoma oksijeni ya damu asilimia 78, chini mno. Mtungi wa oksijeni upo, umejaa, umeletwa juzi. Sista akaushika, akatafuta huku na huku, akaniangalia. Spana ya kufungulia haipo. Spana iko stoo, stoo imefungwa, ufunguo uko kwa mtu aliyelala nyumbani kwake na simu ameizima.

Mlinzi akaleta koleo analotengenezea baiskeli yake. Likateleza mara ya kwanza, likateleza mara ya pili, mara ya tatu koki ikakubali. Dakika 11. Najua kwa sababu niliitazama saa ya ukutani mwanzo na mwisho. Na katika dakika hizo 11, daktari wenu alikuwa akifanya nini? Alikuwa akimfokea sista mbele ya wale vijana. Mama mtu mzima, aliyeanza uuguzi mimi nikiwa shule ya msingi.

Asubuhi kwenye ripoti nikasoma: mgonjwa mmoja wa ajali, jeraha la kichwa, amepewa rufaa. Mganga mfawidhi akauliza, "Kuna lingine, daktari?" Nikajibu hakuna.

Kosa langu kubwa la usiku ule nililifanya asubuhi. Watu wenye mamlaka ya kununua spana ya pili, kitu cha bei ya kilo mbili tatu za nyama, walikuwa wamekaa mbele yangu wananiuliza kama kuna lingine. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na aibu, nikataka kwenda kulala. Kwa hiyo kwenye kumbukumbu za hospitali ile, usiku ule haukuwa na tatizo lolote.

Fani yetu ndivyo ilivyo: mambo yanatokea usiku, yanaamuliwa mchana, na wa mchana hawakuwepo. Mpasuaji ana orodha yake ya Jumanne, anayoomba kwa jina. Mkunga anahesabiwa wajawazito wake tangu kliniki. Sisi mgonjwa wetu hatumjui mpaka amefika. Halafu tu wageni mezani. Nchi hii idara kamili ya kwanza ya dharura ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010. Kabla ya hapo palikuwa pa kupokelea tu, mgonjwa anaandikiwa wodi anapelekwa, na mara nyingi aliyepangwa pale alikuwa daktari mdogo kuliko wote. Fani nyingine zilishagawana vyumba, mafungu na viti vya kamati. Tumefika karamu ishaanza.

Sasa, uongozi. Wengi mkilisikia neno hili mnawaza cheo na kiti kinachozunguka. Mimi nawaza pale miguuni pa kitanda. Anayeongoza ufufuaji asimame miguuni, mikono yake isishike kitu, amwone mgonjwa mzima na amwone kila anayemhudumia. Ukishaanza kutafuta mshipa mwenyewe, chumba hakina kiongozi. Na amri yako iwe na mwenyewe. Ukisema "jamani, adrenalini!" watageuka watu wanne na haitachomwa na hata mmoja. Mtaje: "Dada, wewe, adrenalini miligramu 1, ukishachoma niambie." Naye akijibu "nimechoma, saa tisa na dakika 4," kuna mtu anaandika. Hilo mmefundishwa, silirudii.

Ambalo halifundishwi sana ni heshima zetu. Sisi tumelelewa kwamba mkubwa hasahihishwi mbele za watu. Ni malezi mazuri, siyabezi. Lakini siku moja niliingiza mpira wa kupumulia, nikaridhika, nikaendelea na mengine. Daktari wa mafunzo kwa vitendo aliyesimama kando aliona tumbo ndilo linapanda, kifua kimetulia: mpira ulikuwa umeingia njia ya chakula. Alinyamaza. Muuguzi ndiye aliyegundua baadaye, bahati nzuri mapema ya kutosha. Nilipomuuliza kijana, akasema kwa sauti ya chini, "Nilidhani daktari umeona."

Tangu siku hiyo, kabla sijagusa mgonjwa nasema kwa sauti: anayeona kitu aseme, hata kama anayekosea ni mimi. Na nikitaka maoni naanza na mdogo kuliko wote, kwa sababu mkubwa akishatoa lake, mdogo atasema "kama alivyosema daktari". Kumbe ukishamzoesha mtu kusema kitandani, umemwandaa kusema kwenye kikao. Aliyefundishwa kunyamaza mbele yako hatakwenda kumsemea mgonjwa mbele ya mkurugenzi.

Nije kwenye daftari. Naomba mnisikilize hapa hata mnaosinzia.

Mwishoni mwa mwaka 1983 madaktari wa hospitali ya umma ya Cook County, mjini Chicago, walichoka kuletewa wagonjwa kutoka mapokezi ya hospitali nyingine za mji. Kila mtu alijua sababu: hawana bima. Lakini kujua ni maneno ya korido. Wakafanya jambo la kuchosha: wakawahesabu na kuwafuatilia. Ndani ya siku 42 wakaandika wagonjwa 467. Sababu ya asilimia 87 kuhamishwa ilikuwa kukosa bima ya kutosha. Karibu robo walifika hali zao hazijatulia. Hesabu ilichapishwa kwenye jarida la kitabibu mwaka 1986, na mwaka huohuo Marekani ikapata sheria ya kuzilazimu idara za dharura kumpima kila anayefika na kumtuliza hali yake kabla ya habari ya pesa. Sisemi hesabu ile peke yake ilileta sheria. Kelele zilikuwa nyingi. Nasema walipoulizwa "wangapi?" walikuwa na jibu.

Hapa Moshi tunajua sana kuhesabiwa. Naona mnacheka. Kila Desemba, tunaporudi kwetu kwa sikukuu, nchi nzima inatutania kwamba Wachaga wanapanda kwenda kuhesabiwa. Basi yanajaa mabasi, magari binafsi yametoka Dar es Salaam dereva hajalala, barabara kutoka Same mpaka njia panda ya Himo haipumui, na huko juu vijijini mbege na bia zinasubiri wenyewe. Mapokezi yetu yanajaa. Hakuna asiyelijua. Haya, niambieni: rosta ya Desemba ya idara yako ikoje? Ni nyembamba kuliko ya Septemba, maana na sisi tumeomba likizo tukahesabiwe.

Hili ni jambo linalokuja kila mwaka kwa tarehe, kama kodi ya nyumba, na bado linatukuta tumeshangaa. Mahali nilipo sasa tulifungua daftari la kawaida la mistari, la shuleni. Safu nne tu: saa aliyofika, rangi aliyopewa kwa uzito wa hali yake, saa aliyoonwa, kilichokosekana. Kitabu cha MTUHA, cha serikali cha takwimu za huduma za afya, tulikuwa nacho na tuliendelea kukijaza, lakini kwetu hakikuwa kinatuonyesha kwamba mgonjwa wa nyekundu, ambaye hatakiwi kungoja hata kidogo, amengoja kwa sababu muuguzi mmoja alikuwa na nyekundu wawili. Safu ya nne ndiyo iliyotuumbua. Tulidhani tunakosa mashine. Tulikuwa tunakosa vitu vya kijinga: betri za laringoskopu, ile taa ya kuangalizia koo, plasta, funguo. Ndiyo, funguo tena.

Ukishakuwa na daftari, jua pa kulipeleka na lini. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Bunge la bajeti linakaa Dodoma kuanzia Aprili. Kabla ya hapo halmashauri na hospitali zinakuwa zimeshapanga zao miezi mingi nyuma. Ukienda na ombi lako Mei, umemfuata mpishi wali ushapakuliwa. Mimi nilikwenda Mei miaka miwili mfululizo na barua nzuri sana. Wa tatu nikamfuata katibu wa afya mwezi wa kumi na moja, nikamuuliza tu, "Nikufundishe nini kuhusu idara yangu ili unitetee mezani?" Alishangaa. Alisema madaktari humjia wakilalamika, hawamjii wakieleza. Na mhasibu je? Mfamasia? Hawa ni watu wa kunywa nao chai kabla hujawa na shida.

Na kila mtu mwambie kwa lugha yake. Diwani usimwambie saturesheni, yaani kiwango cha oksijeni ya damu. Mwambie dakika 11, halafu mwombe anyamaze hapo alipo kwa dakika moja tu kwa saa yako, aone urefu wake.

Ziko kazi kubwa zaidi ya rosta. Fomu ya polisi namba 3, PF3, ile ya majeruhi inayotolewa kituoni, mnaijua. Viongozi wa serikali wamesema hadharani zaidi ya mara moja kwamba majeruhi atibiwe kwanza, fomu ifuate. Bado yupo ndugu anayemzungusha majeruhi kituoni kwanza kwa kuogopa kurudishwa. Anayeweza kuua woga huo ni wewe, kwa kwenda kuzungumza na mkuu wa kituo cha polisi wa eneo lako na kamati za bodaboda kijiweni, si kwa kuandika kwenye kundi la wasapu la madaktari ambao wote wanakubaliana nawe. Vuka Namanga hapo: katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Kuandikwa hakujamaliza tatizo lao, lakini mgonjwa wao ana mstari wa kushika. Sisi tuna mfumo wa m-mama: mjamzito au mtoto mchanga anapata usafiri kwa kupiga 115, bure, hata kwa gari la dereva wa kijijini. Watu walikaa wakalisemea hilo mpaka likawa la nchi. Kijana aliyelala barabarani Kwa Sadala bado anategemea bajaji inayopita.

Onyo moja fupi: picha ya mgonjwa usiitumie kutetea chochote. Uliyetaka kumsemea umeshamvua nguo.

Kijana mmoja aliniuliza hapo mlangoni kabla hatujaanza: "Daktari, ukisema sana si unahamishwa?" Sitakudanganya. Wapo waliohamishwa. Mimi nimewahi kuitwa ofisini nikaambiwa nina mdomo. Ninachokijua ni kwamba mara zote nilizoitwa nilikuwa nimeongea peke yangu, kwa hasira, bila karatasi. Nilipokwenda na matroni, na daftari, na ombi moja badala ya kumi, hatukuitwa ofisini. Desemba iliyopita tuliomba wauguzi wanne wa ziada wa usiku tukapewa wawili. Wawili hao tunao kwenye rosta, na mwezi wa kumi tutarudi na daftari la mwaka huu kuwadai wale wengine.

Yule sista niliyemfokea, nilimwomba radhi baada ya wiki nzima ya kumkwepa kwenye korido. Akanisikiliza, akasema sawa mwanangu. Kisha akanipeleka kwenye mtungi. Alikuwa ameshanunua mnyororo mwembamba kwa pesa yake, akaifunga spana shingoni mwa koki.