Mtepe: Chombo Kisichokuwa na Msumari

Ndugu zangu, wengi tumeambiwa kwamba wazee wetu walishona vyombo vya bahari kama mtepe kwa kamba kwa sababu ya kukosa chuma. Mimi sikubali. Al-Idrisi, mwanajiografia wa karne ya 12, aliandika kuhusu biashara ya chuma cha Malindi. Ile hadithi ya sumaku iliyo chini ya bahari, inayong'oa misumari, nayo ni tamu, lakini ni hadithi tu.

Sababu ni miamba. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliieleza vizuri alipozungumzia vyombo vya Bahari ya Hindi: cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, cha kamba hunepa. Mtepe wa Lamu ni wa ukoo huo. Makumbi ya nazi yalifukiwa kwenye tope la ufukweni miezi kadhaa, yakapondwa, yakasokotwa kamba. Mbao zikatobolewa kingoni zikashonwa. Juu yake mlingoti mmoja na tanga la mkeka, la pembe nne. Mbele, gubeti, yaani pambo la omo, lenye shingo ndefu lililofananishwa na ngamia wa Mtume.

Shehena yake kubwa ilikuwa boriti za mikoko, kutoka Lamu hadi Unguja. Tanga la namna ile haliendi joshi, yaani kuukabili upepo, vizuri, basi nahodha aliteremka na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, akarudi na kusi, wa kutoka kusini.

Na mtepe ulivuja, jamani! Kinachonepa hakikosi mianya, na mabaharia walikuwa wakikumba maji usiku na mchana. Mwenye chombo alipojumlisha chakula cha watu hao na kamba za kushona upya kila zilipochakaa, aliona jahazi la misumari lina gharama nafuu. Naamini hesabu hiyo iliua mitepe mingi kuliko miamba. Kufikia mwisho wa miaka ya 1930 ilikuwa imetoweka.

Mabaki yake? Jahazi likivunjika huacha misumari chini. Mtepe ukivunjika, kamba huoza, mbao huelea au huliwa na wadudu. Kile chombo cha kushona cha karne ya 9 kilichopatikana mwaka 1998 karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, kilinusurika kwa kufunikwa na mchanga na shehena yake ya vyombo vya kauri vya Kichina. Sisi tumebaki na picha, mifano midogo ya makumbusho, na mtepe Shungwaya, uliojengwa Zanzibar mwaka 2003 ukawekwa Beit al-Ajaib, jumba la kale la Zanzibar ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Zimeni taa, tutazame picha za mtepe.