Kupanga Chakula cha Wiki ni Kupanga Moto

(Mhadhara kwa wazazi, ukumbi wa mtaa, Majengo, Mombasa)

Assalaam aleikum, mama zangu, na shikamooni wazee wetu mliokaa mbele. Na nyinyi akina baba watatu wanne mliojibanza mlangoni, ingieni, viti vipo. Haya ya jikoni yanawahusu, maana pesa ya matumizi hutoka mfukoni mwenu na lawama hurudi kwetu.

Nimeombwa nizungumze juu ya kupanga chakula cha wiki kwa familia yenye kipato kidogo. Najua mkisikia ratiba ya chakula mnaikumbuka ile karatasi ya kubandikwa ukutani: Jumatatu samaki, Jumanne kuku, matunda mara mbili kwa siku. Karatasi ile haijui kwamba baba ni kibarua na leo hakuitwa. Mimi sikuja nayo. Nimekuja na neno moja tu: ukitaka kupanga chakula cha wiki, anza na moto. Kabla ya kujiuliza mtakula nini, jiulize utawasha jiko mara ngapi, na kila ukiwasha utaondoka na vyungu vingapi.

Mbona moto? Kwa sababu chakula rahisi ndicho kinachokula makaa. Maharagwe, mbaazi, kunde, mahindi makavu, vyote hivyo dukani ni nafuu kuliko nyama, lakini vikifika nyumbani vinadai saa mbili tatu za seredani. Mtu akipika robo ya maharagwe leo, na robo nyingine kesho kutwa, makaa ameyalipia mara mbili. Na chungu cha kilo hakitaki moto mara nne ya chungu cha robo. Kinazidisha kidogo tu. Faida yote iko hapo, kwenye huo moto ambao hukuuwasha mara ya pili.

Tuyachukue hayo maharagwe, maana ndiyo yanayotulisha. Kilo moja kavu ikiiva hutoka kilo mbili na zaidi, kwa vile hunywa maji. Kwa nyumba ya watu sita hicho ni kitoweo cha milo miwili. Jumamosi usiku yachambue, yaoshe, yaroweke kwa maji mengi. Asubuhi mwaga yale maji, tia mengine, bandika. Najua wengine mnatia magadi yalainike upesi. Yatalainika, ndiyo, lakini magadi huiharibu vitamini B1, na maharagwe ni mojawapo ya vyakula vichache vya bei yetu vinavyotupa hiyo. Ukishayaroweka, magadi ya nini?

Halafu kuna kapu. Nani amewahi kupikia kapuni? Mikono miwili tu? Basi sikilizeni vizuri, hapa ndipo penye pesa. Tafuta kapu kubwa la ukindu, au hata katoni. Lijaze matambara, magauni yaliyochakaa, blanketi la zamani, ukiacha shimo katikati la kuingia sufuria yenye mfuniko unaobana. Maharagwe yako yaliyorowekwa yatokote jikoni dakika 20, kutokota kwelikweli, na maji yapande juu yake vidole viwili. Kisha epua, usifunue kuchungulia, itumbukize sufuria kapuni, funika kwa mto. Nenda zako sokoni. Ukirudi baada ya saa tatu au nne utakuta mvuke bado unatoka na mengi yameiva. Yaliyobaki magumu yarudishe motoni yatokote tena kidogo. Makaa ya saa mbili na nusu umeyafanya ya nusu saa.

Ila zile dakika za kutokota zisipunguzwe. Maharagwe mekundu mabichi yana sumu, na moto wa uvuguvugu hauiondoi. Ukiyaingiza kapuni kabla hayajatokota, nyumba nzima itatapika usiku. Yatokote kwanza, kapu baadaye.

Mtaniuliza, na joto hili la Mombasa, chakula cha siku mbili si kitachacha? Kitachacha ukikipika kama ulivyozoea. Chemsha maharagwe matupu. Usitie kitunguu, usitie nyanya, na tui ndilo kabisa usilitie kwenye chungu kizima. Nazi ndiyo inayochachisha haraka. Ukishayaivisha, chota ya leo, hayo ndiyo uyaunge kwa nazi. Yaliyobaki yatokote tena kabla ya kulala, na asubuhi tena, dakika chache tu pale unapochemsha chai, na mchana huo wa pili yamalizwe. Mwenye friji, au mwenye jirani mwenye friji na moyo mzuri, anaweza kuyavusha siku tatu. Wali sifanyi nao mchezo huu. Vijidudu vya wali uliolala hutoa sumu isiyoondoka kwa kupasha moto, hata uupashe mpaka ugande sufuriani. Wali upikwe wa kumalizwa.

Sasa wiki inajipanga yenyewe. Jumapili una maharagwe ya nazi, iwe kwa wali au kwa sima. Jumatatu yale matupu yaliyobaki yachanganye na mahindi yaliyopikwa sufuria ya pili, ipate kuwa pure, kaanga kitunguu juu yake, chakula cha mchana hicho na watoto wa shule wanakuta kimebaki. Katikati ya wiki, siku ambayo umechoka na pesa imechoka, ni siku ya pojo, yaani ndengu. Pojo haina haja ya kulala majini, dakika 40 inakuwa laini, na kwa hiyo siiweki Jumapili, naiweka siku ya makaa machache. Alhamisi dagaa wakavu. Ijumaa wali, na siwaambii mpunguze. Nimewasikia wataalamu wakisema Ijumaa ikatwe pilau ili pesa itoshe. Hao hawajakaa na watoto wetu. Nyumba inayojua Ijumaa kuna wali huvumilia sima na mchicha siku nyingine zote bila kununa. Kata kwingine.

Kwingine wapi? Kwenye kadogo. Mnajua namna tunavyonunua: mafuta ya kupimiwa, sukari ya kufungiwa, majani ya chai ya pakiti ya siku moja, kijiko cha bizari kwenye karatasi. Haba na haba hujaza kibaba, wahenga walisema, ila kinachojaa hapa ni kibaba cha mwenye duka. Fanya hivi. Chukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, nenda nayo dukani, umwambie akumiminie humo yale mafuta ya shilingi 20 unayonunua kila siku. Weka alama kwa kalamu pale yalipofika. Sasa hesabu: shilingi 20 kwa siku 30 ni 600. Uliza lita moja nzima ni bei gani leo, kisha tazama alama yako, uone hiyo 600 imekupa lita ngapi na ingekupa ngapi. Sitawatajia jibu, kwa kuwa bei ya mafuta haikai mahali pamoja. Lakini hesabu hiyo mkiifanya mara moja hamtaisahau.

(Mama mmoja anasema: Lakini mwalimu, hiyo ya lita mimi siipati kwa siku moja.)

Ahsante, mamangu, hapo ndipo ratiba nyingi zinapokufia. Anayelipwa kwa siku hawezi kununua kwa mwezi. Lakini kwa wiki anaweza, akinunua kitu kimoja kimoja. Siku ambayo tuktuk imeingiza vizuri, baada ya matumizi ya siku, toa pesa ya kitu kimoja tu cha wiki nzima. Leo ni unga. Kesho hukupata, hununui. Keshokutwa ni maharagwe kilo. Siku nyingine lita ya mafuta. Wiki ya kwanza utakuwa na kimoja au viwili na utaendelea na kadogo kwa vilivyobaki. Kufika wiki ya nne au ya tano, vitu vikavu vyote viko ndani, na pesa ya siku inaenda kwa mboga na samaki peke yake. Mpangilio wa kuvinunua uanze na kile unachopoteza pesa nyingi zaidi, na mara nyingi ni mafuta na sukari.

Mahamri na mbaazi za asubuhi. Mnangoja niwaambie mwache kununua. Sisemi. Mama anayekaa kona na sufuria yake kubwa ya mbaazi amewasha moto mmoja kwa watu 60. Wewe ukiwasha wako kwa robo ya mbaazi, ukakuna nazi nzima kwa watu sita, umemshinda kwa gharama, si kwa utamu. Mbaazi zinunue kwake. Mahamri ndiyo yanayoumiza, kwa sababu yanahesabiwa kwa kichwa: wawili wawili kwa watu sita ni 12 kila asubuhi, na hakuna aliyeshiba. Siku tatu za wiki badilisha na uji, au muhogo wa kuchemsha, au viazi vitamu. Mbaazi zile zile na muhogo, mtoto hafiki saa nne akilia njaa.

Nazi nayo tuipigie hesabu. Nazi moja, tui zito na tui jepesi, ziwe sufuria mbili. Jepesi lipikie wali, zito liingie mchuzini mwisho kabisa. Kuna nyumba nazijua hukuna nazi mbili kwa mlo mmoja, halafu kesho mboga inapikwa kwa maji na chumvi.

Samaki. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, lakini siku hizi upwa wenyewe una bei. Panga na upepo. Wakati wa kaskazi, kuanzia kama Novemba mpaka Machi, bahari imetulia, ngalawa zinatoka, samaki wanapatikana. Kusi ikivuma, katikati ya mwaka, bahari inachafuka na bei inapanda. Mwenye kung'ang'ania samaki mbichi Juni na Julai anajitesa. Huo ndio wakati wa dagaa wakavu na ng'onda, samaki wa kukaushwa. Dagaa huliwa na mifupa yake, kwa hiyo mtoto anapata na chokaa ya mifupa. Tena samaki mbichi unapompima, sehemu kubwa ya uzito wake ni maji; mkavu hana maji ya kukuuzia. Waoshe tu kwa maji moto, waondoke mchanga.

Juu ya mboga za majani siongei sana, mnazijua kuliko mimi: mchicha, mnavu, kisamvu, matembele. Nendeni jioni, mwenye meza hataki kurudi nazo nyumbani na fungu linakuwa kubwa. Mkila maharagwe au mboga hizo, kamulieni ndimu juu yake, mwili unaipata vizuri zaidi madini ya chuma iliyomo. Na chai ya rangi isinywewe pamoja na chakula hicho, inaizuia. Ngoja saa moja.

Unga. Unga wa pakiti hutiwa vitamini na madini ya chuma, ni sheria ya Kenya tangu 2012. Wa kusagisha una kiini cha mahindi, nao ni mzuri, lakini tazama mahindi kabla hayajaingia mashineni. Yenye ukungu, yaliyobadilika rangi, usinunue hata ukipewa nusu bei. Mwaka 2004 kule Ukambani watu zaidi ya 100 walikufa kwa sumu ya ukungu wa mahindi, na sumu ile haiishi kwa kupikwa.

(Mzee mmoja anauliza kama inafaa kwenda soko kubwa la Kongowea badala ya soko la hapa karibu.)

Mzee wangu, inategemea nauli. Peke yako, kwa kilo mbili za vitunguu, hapana. Matatu ya kwenda na kurudi itakula punguzo lote. Nyinyi mliotoka Likoni feri mnavuka bure kwa miguu, lakini matatu ni ya ng'ambo zote mbili. Majirani wanne mkichanga, mmoja akaenda alfajiri malori yanaposhusha, akarudi na viazi na vitunguu vya wote, hapo sawa. Nyanya msinunue kreti kama hamjajua watakaogawana, siku ya tatu zitakuwa maji.

(Baba mmoja mlangoni: Na siku ambayo hakuna kitu kabisa?)

Siku hiyo ipo, bwana, tusijifanye haipo. Iwekee mfuko wake kwenye kabati: unga wa mlo mmoja, pojo robo tatu, dagaa kidogo, chumvi. Mfuko huo haufunguliwi kwa sababu mtu amechelewa sokoni. Unafunguliwa siku ya kurudi mikono mitupu, ili usiende kufungua daftari la deni dukani, kwa sababu anayekopa dukani hachagui bei. Na ukishaufungua, kitu cha kwanza kununuliwa siku pesa ikipatikana ni kuujaza, kabla ya nyama. Baba ndiye aujaze huo.