Ngozi ya Mtoto Ikibabuka: Tukague Nini Kabla ya Kuandika Dawa

Ndugu wauguzi na matabibu, leo nizungumzie mtoto wa chini ya miaka mitano anayeletwa na homa, analia kila akiguswa, ngozi imejaa malengelenge na inababuka. Mara nyingi mama huanza kuhojiwa maji ya moto yalimwagikaje. Naomba tumpime mtoto kwanza. Ngozi iliyoungua kwa maji huwa na mipaka, na hufuata njia maji yalikopita. Huyu wetu alianza kuzunguka mdomo, shingoni, kwapani na kwenye kinena, kisha ndani ya siku moja au mbili ikaenea mwilini. Kwenye ngozi nyeusi msitegemee wekundu. Pimeni joto kwa mgongo wa kiganja, mtazame magamba na mipasuko pembeni mwa midomo.

Ugonjwa huu kwa Kiingereza huitwa staphylococcal scalded skin syndrome, na chanzo chake ni bakteria wa stafilokokasi. Sumu yao hukata protini iitwayo desmogleini 1, inayoshikanisha seli za tabaka la juu la ngozi, ndiyo maana lengelenge ni jembamba na hupasuka upesi. Figo za mtoto bado hazina nguvu ya kuitoa sumu hiyo.

Hapa wengi hukwama. Kwenye impetigo ya malengelenge, yaani maambukizi ya juu ya ngozi yanayoletwa na bakteria hao hao, bakteria wamo ndani ya lengelenge lenyewe. Chukua majimaji yake upeleke maabara. Lakini ngozi ikibabuka mwili mzima, bakteria wamejificha puani, kooni, machoni au kitovuni, na sumu ndiyo inayosafiri kwa damu. Majimaji ya lengelenge yakipimwa na kisiote kitu, usiseme hakuna maambukizi.

Sasa mfungueni mtoto mdomo. Sumu hii haijeruhi utando wa ndani. Ukikuta vidonda mdomoni, machoni na sehemu za siri, fikiria mzio mkali wa dawa, ule wa Stevens-Johnson. Uliza kuhusu antibiotiki ya kotrimoksazoli, nevirapini ya VVU, dawa za kifafa. Simamisha dawa na mpe rufaa siku hiyo hiyo. Kusugua ngozi kuona kama itateleza hakutakusaidia kutofautisha, maana huteleza kote kuwili, na mtoto anaumia bure.

Kichanga mwenye malengelenge viganjani na nyayoni, pima kaswende, yeye na mama yake.

Ukiridhika kwamba ni stafilokokasi, anza antibiotiki ya kloksasilini kwa mshipa bila kungoja majibu, mpe maji ya kutosha, na usimpe steroidi.

Mwaka 1878 daktari Ritter von Rittershain alieleza ugonjwa huu kwa vichanga 297 wa kituo kimoja cha kulelea watoto mjini Prague. Leo tunajua bakteria hawa hubebwa na mikono ya walezi. Kwa hiyo wodini, akipatikana kichanga wa pili, kagueni wahudumu pia: nani ana jipu, nani ana kidonda kidoleni.