Pasipoti ya Dunia haifungui mpaka

Ndugu watazamaji, salamu kutoka Paris. Wengi mmeniuliza kama ile Pasipoti ya Dunia inayouzwa mtandaoni inaweza kumfikisha mtu Ulaya. Leo nimesimama Trocadéro, mbele ya jumba la Palais de Chaillot, kwa sababu sehemu kubwa ya habari hiyo ilitokea hapahapa.

Garry Davis, mwanzilishi wa shirika linalotoa pasipoti hiyo, alikuwa mwigizaji wa Kimarekani ambaye katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia aligeuka rubani wa ndege za mabomu. Nduguye aliuawa vitani Italia, naye mwenyewe akaidondoshea mabomu miji ya Ujerumani, na vita vilipokwisha dhamiri ilimsuta. Tarehe 25 Mei 1948 aliukana uraia wa Marekani hapa Paris, akajitangaza raia wa dunia. Septemba hiyo, Umoja wa Mataifa ulipohamishia vikao vyake katika jumba hili na eneo lake likahesabiwa kuwa ardhi ya kimataifa, Davis, ambaye kibali chake cha kukaa Ufaransa kilikuwa kinamalizika, alipiga kambi kwenye ngazi akidai kwamba hapo ndipo kwao. Polisi wakamtoa. Novemba alirejea na kukatiza kikao cha Baraza Kuu akidai serikali moja ya dunia itakayokomesha vita. Akaburutwa nje, ingawa watu wazito, akiwamo mwandishi Albert Camus, walikuwa upande wake.

Tarehe 10 Desemba mwaka huohuo, Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu likapitishwa katika jumba hili. Ibara ya 13 inampa kila mtu haki ya kutoka katika nchi yoyote na kurudi katika nchi yake. Isomeni kwa makini: haki ya kutoka imeandikwa, lakini hakuna nchi iliyofungwa na ibara hiyo kumpokea anayebisha hodi. Uwanja huu nilipo umepewa jina la haki za binadamu, na hapa nyuma yangu vijana wa Kiafrika wanauza minara midogo ya Eiffel juu ya vitambaa vilivyofungwa kamba kwenye pembe, ili polisi wakitokea waivute kamba mara moja na kuondoka na bidhaa zote.

Shirika hilo la Davis, lililoanzishwa mwaka 1954, ndilo linalotoa Pasipoti ya Dunia. Wapo waliowahi kugongewa muhuri ndani yake, na sifa hiyo hutangazwa sana, lakini Januari 2016 mwanamuziki Yasiin Bey alikamatwa Cape Town alipojaribu kuondoka Afrika Kusini akiitumia. Msanii mwenye jina ndiye huyo. Sembuse kijana wa Likoni aliyeuza ng'ombe wa babake? Tafadhali, fedha zenu zisiende huko.

Hata hivyo simwoni Davis kuwa mwendawazimu. Alitambua kwamba mpaka humfanya mtu amuue asiyemjua, na hilo sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kufundishwa. Ninapotofautiana naye ni njia: yeye aliutupa uraia aliokuwa nao, ilhali Ibara ya 15 ya Tamko lilelile inasema kila mtu ana haki ya kuwa nao, na aliyewahi kuukosa anajua uzito wake. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, waliishi Kenya kwa vizazi kadhaa bila kipande, yaani kitambulisho cha taifa, hivyo hawakuweza kusajili laini ya simu wala kufungua akaunti ya benki kwa majina yao. Oktoba 2016 walifunga safari ya kwenda Nairobi kumdai Rais haki yao, na serikali ikawatambua. Wapemba wa Kilifi na Kwale walisubiri hadi 2023. Wengi wao ni wavuvi, na bila kitambulisho hata leseni ya kuvua katika bahari waliyozaliwa kando yake walikuwa hawaipati.