Kukauka Si Kupona: Maji, Chumvi na Mafuta ya Samaki

Ahsanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie uoksidishaji wa asidi za mafuta, yaani jinsi oksijeni inavyoyaharibu mafuta. Nitazungumzia dagaa, na mtaona ni jambo lile lile.

Dagaa wa Ziwa Victoria akianikwa vizuri haoti ukungu. Mfanyabiashara anaridhika, anamtia guniani. Wiki kadhaa baadaye gunia linafunguliwa: harufu kali ya mafuta mabovu, na rangi imegeuka manjano ya kahawia. Wanasema, "Huyu hakukauka." Huenda alikauka sawasawa.

Mafuta ya samaki ni mepesi kuharibika. Asidi yake moja, iitwayo DHA, ina kaboni 22 na vifungo pacha 6, yaani mahali ambapo kaboni mbili zimeungana maradufu, na haidrojeni zilizo kati ya vifungo hivyo zimeshikwa kwa ulegevu. Moja ikichomoka, inabaki chembe huru. Hiyo hudaka oksijeni, kisha hupora haidrojeni ya jirani, naye jirani huanza uporaji wake. Hatua hiyo huzaa haidroperoksidi, ambazo hazinuki. Zikivunjika ndipo zinatoka aldehidi, na hizo ndizo mnazozinusa.

Sasa maji. Maji huru katika chakula hupimwa kwa kipimo cha 0 hadi 1. Chini ya 0.6 hivi ukungu hauoti, hilo halina ubishi. Lakini uoksidishaji haufuati mkondo huo. Katika vyakula vingi hupungua hadi kwenye 0.2 au 0.4, na ukiendelea kukausha, unapanda tena! Sababu ni kwamba utando mwembamba wa maji huzishika haidroperoksidi zisivunjike upesi, na huzingira metali kama chuma na shaba, zisichochee. Utando ukiondoka, mafuta yamebaki uchi mbele ya oksijeni. Ndiyo maana maziwa ya unga yenye mafuta hufungashwa kwa gesi ya nitrojeni badala ya hewa yenye oksijeni. Maji yakizidi nako kuna hasara: kwenye 0.6 hadi 0.8 metali hupata njia ya kusafiri, na kasi hurudi.

Chumvi je? Inazuia bakteria, kweli, lakini mara nyingi inayachochea mafuta, kwa kuwa husaidia kukiachia chuma kilichofungwa kwenye protini. Chumvi isiyosafishwa huongeza na metali zake yenyewe.

Vizuizi vipo. BHA na BHT, viongezwa vya viwandani, huitoa haidrojeni yao mhanga ili mnyororo wa uporaji ukatike. Marekani, kwa kawaida, kikomo chake ni asilimia 0.02 ya mafuta. Eujenoli ya karafuu zetu za Pemba nayo ni fenoli, kemikali ya jamii moja na hizo, hufanya kazi hiyo hiyo. Asidi ya sitriki, ile ya ndimu, hukamata metali. Vitamini C ndiyo kigeugeu: ikiwa kidogo penye chuma huru, inaweza kuwa mchochezi.

Wenye maghala, kizuizi kitiwe mapema, samaki akiwa mbichi. Aldehidi zikishatoka, hakuna kiongezwa cha kuzirudisha ndani.