Aliyekwenda Chini Bila Kaburi

Assalaam alaykum, wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilizama mkondo wa Nungwi, kaskazini ya Unguja, ikielekea Pemba. Idi ilikuwa imepita siku kumi tu, watu wanarudi makwao na watoto na mizigo. Wapo waliopona kwa kung'ang'ania magodoro yaliyokuwa yamepakiwa melini.

Meli ile iliruhusiwa kuchukua abiria kiasi cha 600. Maiti zilizopatikana ni 203, na kwa miezi hesabu ikabaki hapo. Januari 2012 ripoti ya tume ya uchunguzi ikatuambia waliokuwamo walizidi 2,400, na wasioonekana ni 1,370. Ndugu zangu, meli iling'oa nanga bila orodha ya kweli ya watu waliomo.

Waliopatikana walisaliwa, wakazikwa. Je, yule asiyeonekana? Mkewe aanze eda siku gani? Mirathi igawiwe lini? Nilikwenda kwa mama mmoja Wete, Pemba, miaka imeshapita, nikaona kanzu ya mumewe imening'inia nyuma ya mlango, imepigwa pasi. Eda alishakaa. Swala ya ghaibu, ya maiti asiyekuwepo, ilishasaliwa. Akaniambia, "Najua amekufa, mwanangu. Lakini mimi sikumzika."

Kila mwaka kwenye hitima nasikia: ni kadari. Naam, ni kadari, na aliyekufa maji tunamhesabu shahidi. Lakini yule aliyeendelea kukata tiketi meli ikiwa imeshajaa, na yule aliyeipa ruhusa ya kuondoka, hao walikuwa na macho. Wapo abiria waliokataa kupanda walipoiona ilivyojaa. Ikiwa abiria wa kawaida aliona, mwenye dhamana alishindwaje?

Haukutimia mwaka. Tarehe 18 Julai 2012 meli ya MV Skagit ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe, Unguja. Mara ile waziri wa Zanzibar aliyehusika, Hamad Masoud Hamad, alijiuzulu, na namheshimu kwa hilo, maana kwetu ni nadra. Ila kuacha kiti si kujibu. Mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere, cha watu 101, kikapinduka kwenye Ziwa Viktoria karibu na Ukara, wakafa zaidi ya 220. Ujazaji uleule.

Wenye mamlaka wakija kutupa pole, tuipokee pole yao, kisha tuwaulize: nani alitia saini meli iondoke? Jina lake. Alijibu nini, na mbele ya nani? Na leo, pale bandarini Malindi, Unguja, anayehesabu abiria ni nani, na orodha yake inabaki kwa nani nchi kavu?

Kabla hatujaanza kusoma hitima ya leo, naomba kila mwenye mtu wake amtaje jina, kwa sauti, na jina la babake. Tuanze na mama zetu waliokaa kule nyuma.