Mzomeo Uliobaki Kwenye Santuri: B.B. King katika Gereza la Cook County

(Mhadhara uliotolewa kwa wanamuziki na mafundi wa sauti)

Habari za jioni, ndugu zangu. Nimeombwa nizungumzie albamu moja ya bluzi iliyorekodiwa laivu, na naona wengine hapa mbele mlitegemea ningekuja na ile ya B.B. King, mwimbaji na mpiga gitaa wa Marekani, aliyoirekodi katika ukumbi wa Regal. Nitaigusa na kupita. Niliyowaletea leo ni Live in Cook County Jail, ambayo B.B. King aliirekodi Chicago tarehe 10 Septemba 1970, ikaingia sokoni mwanzoni mwa 1971. Siku 6 baada ya onyesho hilo alitimiza miaka 45. Kwa hesabu za leo hiyo bado ni rika la kati, lakini katika kazi yake alikuwa mzee kabisa. Mwaka 1956 peke yake alipiga maonyesho 342. Mtu wa namna hiyo hatishwi na jukwaa.

Sasa tuanze na kipande ambacho wasikilizaji wengi hukiruka. Cha kwanza kwenye santuri si wimbo, ni utambulisho. Mtangazaji, mwanamke mwenye sauti ya heshima zote, anawatambulisha wakubwa waliohudhuria. Anamtaja sherifu, uwanja mzima unazomea. Anamtaja jaji mkuu wa mahakama ya jinai, wanazomea tena, na safari hii kwa raha zao. (Kicheko.) Msicheke haraka. Cook County si gereza la wafungwa wa vifungo virefu. Wengi waliokaa uani siku ile walikuwa mahabusu, vijana weusi wanaosubiri kesi, baadhi yao kwa miezi mingi. Halafu mtu anakuja kuwatambulishia jaji! Mlitaka wapige makofi?

Kampuni ingeweza kukata kipande kile. Kilikuwa hakina muziki, kilikuwa kinawaudhi wakubwa, na utepe hukatwa kwa wembe tu. Wakakiacha. Kwangu mimi huo ndio uamuzi mkubwa kuliko yote katika utengenezaji wa albamu hii. Ukishasikia ule mzomeo, unajua kwamba watu hawa hawapigi makofi kwa adabu. Kwa hiyo dakika chache baadaye wanapomshangilia B.B. King, unaamini. Nimesikia albamu nyingi za laivu ambazo hadhira yake inashangilia tangu mwanzo hadi mwisho kwa kiwango kilekile, kama kuku waliozoea saa ya pumba. Hapa hadhira ina msimamo, na msimamo wake umewekwa mbele kabisa.

Naye hawapi muda wa kupoa. Anaanza na Every Day I Have the Blues, mwendo wa mbio, chini ya dakika 2, kwisha. Huo ni wimbo wa kupima jukwaa: vipaza sauti viko sawa? Mpiga drams anasikika? Kisha anaingia How Blue Can You Get, na hapo anapunguza mwendo hadi unasikia pumzi yake. Ni malalamiko ya mwanamume ambaye kila anachompa mkewe hakitoshi, na mwishoni analia kwamba amempa watoto 7, sasa mama anataka kuwarudisha. Bendi inasimama kabla ya mstari huo. Ule ukimya ni mfupi sana, lakini sikilizeni kinachotokea ndani yake: wanaume waliofungiwa wanaangua kicheko kabla mstari haujaisha. Wanaujua tayari. Wamekuwa wakiusubiri.

Mnaopiga gitaa, nisikilizeni hapa. B.B. King hapigi gitaa huku anaimba. Hilo alilikiri mwenyewe mara nyingi, kwamba hawezi kufanya yote mawili kwa wakati mmoja. Anaimba mstari, anafunga mdomo, halafu gitaa lake, analoliita Lucille, linajibu. Kisa cha jina la gitaa hilo mnakijua, ule ugomvi wa kumgombea mwanamke aitwaye Lucille uliowasha moto ukumbini Twist, Arkansas, mwaka 1949, sitakirefusha. Ninachotaka mkisikie ni jibu lenyewe. Noti ni chache. Anaikamata moja juu kabisa, anabana uzi kwa kidole cha shahada, na mkono mzima unatetemeka kuanzia kwenye kifundo. Noti inalia na kuyumba, kisha anaiacha ife yenyewe. Gitaa la mahadhi, yaani lile la kusindikiza uimbaji, hulisikii kabisa likitoka mikononi mwake, kazi hiyo amewaachia piano ya Ron Levy na tarumbeta na saksofoni.

Mtetemo ule una historia yake, na ndiyo sababu hasa nimeichagua albamu hii. Binamu wa mama yake B.B. alikuwa mwanabluzi aitwaye Bukka White, aliyekuwa akiteleza chuma juu ya nyuzi hadi gitaa linalia kama mtu. B.B. alipohamia Memphis akiwa kijana mwaka 1946, alifikia kwa ndugu huyo. Alijaribu kuteleza chuma, vidole vyake vikakataa. Basi akatafuta njia ya kuipata sauti ile kwa kutikisa mkono wa kushoto. Na Bukka White huyo aliwahi kufungwa Parchman, shamba la wafungwa la Mississippi, na mwaka 1939 John Lomax, mkusanyaji wa nyimbo za kiasili, alimrekodi akiwa humohumo ndani kwa ajili ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Sauti ya chuma iliyorekodiwa gerezani Mississippi inarudi gerezani Chicago miaka 31 baadaye, safari hii kwenye kidole cha mtu huru aliyealikwa. Sidhani kama wale vijana walilijua hilo. Lakini wengi wao wazazi na babu zao walipanda treni kutoka Mississippi kwenda Chicago, kwa hiyo sikio lao halikuwa geni.

Wimbo wa Worry, Worry, Worry unakwenda karibu dakika 10, na sehemu kubwa ni maneno tu, mawaidha ya mapenzi kwa wanawake na wanaume. Uwanja unafurahi. Mimi husogeza mbele. Samahanini wapenzi wake, maneno yale yanamfaa aliyekuwa pale. Afadhali kinachofuata, pale anapowarudisha nyuma hadi 3 O'Clock Blues, kibao kilichompandisha hadi nambari 1 katika chati za muziki wa watu weusi mwaka 1952. Anauimba kama mtu anayepita mtaa aliokulia, bila haraka.

Na Regal? Ilirekodiwa tarehe 21 Novemba 1964, Chicago hiyohiyo, ndani ya ukumbi, mtayarishaji Johnny Pate. Kwa ufundi inaishinda hii. Sauti ya King ni changa zaidi, na mayowe ya wanawake yanampandisha hadi anakaribia kupaa. Onyesho la gerezani lilikuwa uani, hakuna dari wala kuta za karibu za kurudisha mwangwi, kwa hiyo sauti ni kavu na ngoma zinasikika kama ziko mezani kwako. Fundi mvivu angeongeza mwangwi studio. Mtayarishaji Bill Szymczyk, yuleyule aliyekuja kusimamia albamu ya Hotel California ya bendi ya Eagles, aliacha ukavu ule.

Ni yeye pia aliyekuwa ameweka vinanda vya nyuzi kwenye wimbo wa King, The Thrill Is Gone, mwaka mmoja kabla, vayolini zile zinazoujaza wimbo ubaridi. Gerezani vayolini hazipo. Pale zilipokuwa sasa kuna tarumbeta, saksofoni na uwazi mkubwa, na King analazimika kuubeba mwenyewe. Wanaoujua wimbo kwa toleo la studio hushtuka mara ya kwanza, huona umevuliwa nguo. Mimi toleo hili nalipenda zaidi, na najua hapa ndani kuna watakaobisha.

Albamu ilipanda hadi nambari 1 katika chati ya albamu za R&B, yaani za muziki wa watu weusi, na King hakuishia hapo. Yeye na wakili F. Lee Bailey walianzisha taasisi ya kusaidia wafungwa, akaendelea kupiga magerezani kwa miaka, likiwemo la Sing Sing mwaka 1972. Yeye ndiye aliyekuwa Kinshasa Septemba 1974, kwenye tamasha moja na Franco na Tabu Ley, mbele ya uwanja uliojaa watu huru, na baadhi yenu wazazi wenu wanalikumbuka. Lakini hilo ni mada ya siku nyingine.

Fundi, tuwekee kipande cha 7. Wapiga drams, msimfuate King. Mfuateni Sonny Freeman, mpiga drams wake, mhesabu ni mara ngapi anakataa kupiga. Maswali baadaye.